Nani Amewauliza Watu wa Lubumbashi?

Tarehe 25 Machi 1957 nchi sita za Ulaya zilitia sahihi Mkataba wa Roma, ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Kati ya viambatisho vyake pana orodha ya nchi za ng'ambo zilizofungamanishwa na jumuiya hiyo, na ndani yake imo Congo ya Wabelgiji. Mji wetu wa Lubumbashi, ulioitwa Élisabethville wakati huo, uliingizwa katika mtangamano wa Ulaya tangu mwanzo. Desemba ya mwaka huohuo wanaume wa mji walipiga kura kwa mara ya kwanza, katika uchaguzi wa komuni. Waliulizwa nani asimamie mambo ya komuni ya Katuba au ya komuni ya Kenya. Kuhusu Roma hawakuulizwa neno.

Tarehe 29 Machi 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Congo iwe mwanachama wa saba. Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi Nairobi tarehe 8 Aprili, na tarehe 11 Julai hati ya kuridhia ikakabidhiwa Arusha, makao makuu ya jumuiya. Wazee wa Katanga wanaikumbuka 11 Julai kwa jambo jingine: ndiyo siku Moïse Tshombe alipotangaza Katanga kujitenga na Congo, mwaka 1960. Ni sadfa tu. Lakini eneo ambalo limewahi kutaka kutoka katika nchi yake lilistahili kuulizwa linaonaje nchi yake ikiingia katika nyumba kubwa zaidi.

Ulaya iligundua mapema kwamba kuwaunganisha watu bila kujua wanafikiri nini ni hatari. Tangu mwaka 1974 Tume ya Ulaya imekuwa ikiendesha uchunguzi wa maoni uitwao Eurobarometer, ambamo maelfu ya raia wa nchi wanachama huulizwa kama wana imani na taasisi za pamoja. Namba zake hazitulii. Mwaka 2007 raia 57 katika kila 100 walisema wanauamini Umoja wa Ulaya. Mwaka 2013, uchumi ulipokuwa umeanguka, walibaki 31. Mwaka 2025 walirudi kuwa 52. Hata hivyo kwa miaka mingi viongozi walidhani ukimya wa raia ni ridhaa. Kisha Wadenmark wakaukataa Mkataba wa Maastricht katika kura ya maoni ya Juni 1992, Wafaransa na Waholanzi wakaikataa katiba ya Ulaya mwaka 2005, na mwaka 2016 Waingereza wakaamua kutoka kabisa. Watu walikuwa na maoni muda wote huo. Walichokosa ni viongozi wa kuyazingatia.

Wataalamu wa siasa wana chombo kinachosaidia hapa. David Easton, wa Marekani, alifundisha kwamba raia huunga mkono utawala kwa namna mbili. Ya kwanza hutokana na faida: barabara imejengwa, unga umeshuka bei, basi utawala ni mzuri. Ya pili ina mizizi: mtu anaona utawala huo ni wake, na anauvumilia hata mwaka wa njaa. Namna ya kwanza hupatikana haraka na kupotea haraka. Ya pili huchukua kizazi kizima kujengwa, na jumuiya isiyo nayo hutikisika kwa mgogoro mmoja tu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na raia wa kawaida wa Kenya, Uganda na Tanzania hawakuwa na njia ya kuiokoa hata kama wangetaka.

Kuna jambo la pili, nalo linatugusa zaidi. Mwaka 1998 mtaalamu mwingine, Christopher Anderson, alieleza kwamba raia wengi wa Ulaya hawajui kwa undani Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, inafanya nini. Wanaipima kwa kipimo cha serikali yao. Wakiridhika nayo, wanaiamini Brussels. Wakichukizwa nayo, Brussels nayo inachukiwa. Miaka miwili baadaye Ignacio Sánchez-Cuenca akaonyesha kinyume chake: mahali ambapo serikali ya nyumbani inaoza, watu wanaweza kuitamani taasisi ya mbali kama kimbilio. Nani yuko sahihi? Jibu langu kwa Lubumbashi ni kwamba wote wawili wako sahihi, kutegemea unazungumzia jumuiya gani na unamuuliza mtu akiwa amesimama wapi.

Mahali pa kusimama ni Kasumbalesa.

Kituo hicho cha mpaka wa Zambia kiko umbali wa kilomita 90 hivi kusini-mashariki mwa Lubumbashi. Hapo ndipo shaba na kobalti ya Katanga inapotokea kwenda Dar es Salaam na Durban, na hapo ndipo unga wa bukari, mafuta ya kupikia na sabuni vinapoingilia. Malori hupanga foleni ya kilomita nyingi, na dereva anaweza kulala barabarani siku kadhaa. Mkazi wa Lubumbashi hakutani na mtangamano wa Afrika kwenye gazeti. Anakutana nao pale, kwenye bei ya mfuko wa unga.

Kwenye karatasi, mpaka huo ungepaswa kuwa laini. Congo imo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika lenye makao yake Lusaka, tangu lilipoanza mwaka 1994, na imo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika yenye makao yake Gaborone, tangu 1997. Zambia nayo imo katika zote mbili. Lakini eneo huria la biashara la SADC lilipozinduliwa mwaka 2008, Congo haikuingia. Aidha, amri ya serikali ya Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi mipakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Mwulize mfanyabiashara yeyote wa Kasumbalesa ni ofisi ngapi zinazodai karatasi na pesa, atakutajia zaidi ya nne, na nyingine hajui hata zinaitwaje.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mama anayevusha mifuko ya unga anapotozwa pesa zisizo na risiti, halafu akasikia redioni kwamba nchi iko katika soko la pamoja, ana haki ya kusema soko hilo ni uongo. Ila aliyemtoza si SADC wala COMESA. Ni dola yake mwenyewe, ama mtu aliyevaa sare yake. Jumuiya inabeba dhambi za serikali, na serikali inajificha nyuma ya jumuiya. Anderson angeitambua hali hiyo mara moja: watu wetu wanahukumu nyumba ya mbali kwa kumtazama bawabu wa mlango wa karibu.

Agosti 2024 ilituonyesha jambo hili waziwazi. Kinshasa ilikuwa imezuia bia na soda kutoka Zambia, wasafirishaji wakaandamana Kasumbalesa, na tarehe 10 Agosti Zambia ikafunga mpaka, pamoja na vituo vya Mokambo na Sakania. Baada ya siku chache mawaziri walikutana na malori yakaanza kupita tena. Mgogoro huo ulitulizwa kwa mazungumzo ya serikali mbili. Taasisi za pamoja, ambazo zina kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya jambo kama hilo, hazikuonekana machoni pa mnunuzi wa sokoni. Hali ilikuwa nzito kwa sababu mwaka huo Zambia ilipata ukame mkali, Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa mwezi Februari, na mahindi tayari yalikuwa haba. Mtu anayesubiri unga hawezi kujenga imani yenye mizizi juu ya jumuiya asiyoiona siku ya shida.

Lakini ukisema ni chuki dhidi ya Wazambia, hujapata picha kamili. Pande zote mbili za mpaka watu wanazungumza Kibemba, wanaoana, wanazikana. Imani kati ya watu ipo na ni ya zamani kuliko mkataba wowote. Kinachokosekana ni imani katika kanuni. Wanaochunguza maoni wakichanganya mambo hayo mawili watapata jibu lisilo na maana.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kesi nyingine kabisa. Zambia si mwanachama, kwa hiyo lori linalotoka Lubumbashi kwenda Dar es Salaam kwa kawaida hupita katika nchi iliyo nje ya jumuiya. Njia nyingine ni kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie hadi Kigoma. Faida ya Arusha hapa kwetu bado iko mbali. Kinachoonekana ni vita. Kikosi cha jumuiya kiliingia mashariki mwa Congo Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023, Kinshasa ikikilaumu kwa kutopigana na waasi wa M23. Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi hao, Februari ikafuata Bukavu, na Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza msaada wake kwa M23, imekaa nasi meza moja Arusha. Unawezaje kumwomba Mkongo aamini soko la pamoja na nchi ambayo jeshi lake limeingia ndani ya mipaka ya Congo?

Kwa SADC kumbukumbu ni tofauti. Mwaka 1998 Zimbabwe, Angola na Namibia zilituma majeshi kumtetea Rais Laurent-Désiré Kabila, na mwishoni mwa mwaka 2000, mji wa Pweto ulipoanguka, Katanga iliona vita kwa karibu. Mwaka 2013 askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walisaidia kuishinda M23. Kikosi cha SADC kilichokuja mwishoni mwa 2023 hakikuweza kuizuia Goma kuanguka, na Machi 2025 wakuu wa nchi waliamua kirudi nyumbani. Hata hivyo askari wake walikufa upande wetu, na hilo halisahauliki. Kwa maoni yangu, Katanga ina imani zaidi na kusini kuliko mashariki, ingawa lugha yake ni ya mashariki.

Umoja wa Ulaya nao unatafuta imani yetu leo, kwa reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, na mkataba wa madini wa Oktoba 2023. Miezi minne baadaye ulitia sahihi mkataba wa aina hiyo na Rwanda, kisha Machi 2025 ukaweka vikwazo kwa maofisa wa Rwanda na kiwanda kimoja cha kusafishia dhahabu cha Kigali. Taasisi inayopima imani ya raia wake kwa uangalifu mkubwa hivyo ilipaswa kukadiria ingepoteza kiasi gani hapa.

Ninachotaka si kura ya maoni. Wabunge wa Afrika Mashariki huchaguliwa na mabunge ya nchi zao, tisa kila nchi, wakati Bunge la Ulaya linapigiwa kura na raia tangu 1979. Kubadilisha hilo kutachukua muda. Uchunguzi wa maoni unaweza kuanza mwaka huu. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019 na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2021, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wanaojua Kiswahili cha hapa, Kibemba na Kifaransa. Wapelekwe Kasumbalesa pande zote mbili, Kalemie, Ruashi na soko la komuni ya Kenya, wakiwa na maswali matatu yasiyochanganywa: unamwamini jirani wa ng'ambo ya mpaka? Unaamini kwamba kanuni ya pamoja itakulinda ukidhulumiwa? Unamwamini ofisa wa nchi yako anayeitekeleza? Majibu yapelekwe Lusaka, Gaborone na Arusha, na yachapishwe hapa kwanza, yasomwe na waliohojiwa.