Ubinafsi au Haki ya Nafsi? Istilahi za Falsafa ya Ayn Rand na Asasi Zinazoieneza

Yako maneno ambayo huingia katika tafsiri yakiwa yamekwisha kuhukumiwa. Neno "ubinafsi" ni mojawapo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi neno hilo, pamoja na mengine yanayoandamana nalo, linavyoweza kumpotosha mfasiri ashughulikiapo maandishi ya falsafa ya Ayn Rand na ya asasi zinazoieneza.

Sisi wenyewe tuliwahi kupotoka. Tafsiri ya kijitabu cha asasi ya aina hiyo ililetwa mezani petu ili ikaguliwe. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba lengo la "shirika hilo lisilo na faida" ni "kueneza ubinafsi na kupinga ukarimu". Tuliipitisha. Baadaye mwalimu mmoja aliyeisoma akatuuliza: ni nani mwenye akili timamu atakayetoa fedha zake kwa shirika lisilo na faida ili watu wafundishwe uchoyo? Swali lilikuwa la haki, na kosa lilikuwa letu.

Yafaa kwanza tuieleze dhana yenyewe. Ayn Rand alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa St. Petersburg, Urusi, akahamia Marekani mwaka 1926, na akafariki New York mwaka 1982. Alijulikana kwanza kwa riwaya zake, hasa The Fountainhead ya mwaka 1943 na Atlas Shrugged ya mwaka 1957. Falsafa yake aliiita Objektivizimu. Mfasiri asidhani kwamba jina hilo lahusu "malengo". Maana yake ni kwamba vitu vipo jinsi vilivyo, hata kama hisia na matakwa yetu ni kinyume. Juu ya msingi huo Rand alijenga hoja tatu: kwamba akili ndiyo njia pekee ya binadamu kupata maarifa, kwamba kila mtu ni kikomo cha maisha yake mwenyewe, wala si chombo cha wengine, na kwamba mfumo unaostahili ni ubepari usioingiliwa na serikali.

Sasa tuje kwenye istilahi. Neno la kwanza ni hilo "ubinafsi". Kamusi zetu hulieleza kuwa ni tabia ya mtu kujipendelea na kutojali wengine. Katika Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno hili lilitumika mno kutaja ovu linalopingana na ujamaa. Kwa hiyo anayelitumia kwa itikadi yoyote inayotanguliza haki za mtu mmoja huwa amekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajaisikia hoja. Shina lenyewe, aidha, limelemewa na kazi: tuna "mtu binafsi", "sekta binafsi", na tangu miaka ya 1990 "ubinafsishaji". Wengine wamependekeza "umimi", lakini neno hilo nalo lina harufu ya majivuno. Sisi twaona kwamba fungu la maneno lililo wazi ni bora kuliko neno moja la kulazimisha, nasi twapendekeza "falsafa ya mtu binafsi".

Hata hivyo, "ubinafsi" lisifutwe kila mahali. Mwaka 1964 Rand alichapisha kitabu kiitwacho The Virtue of Selfishness. Katika utangulizi wake alieleza kwamba amelichagua kwa makusudi neno linalowachukiza wengi, na kwamba kwake maana yake ni kujali maslahi ya nafsi yako. Hapo mfasiri hana budi kuandika "ubinafsi", kwani akililainisha neno atakuwa amemnyang'anya mwandishi uchokozi wake.

Neno la pili ni "urazini". Wapo wanaotumia "mantiki" badala yake. Mantiki ni kanuni za kufikiri sawasawa. Urazini ni hali ya mtu kuiacha akili iongoze imani na matendo yake. Rand alikusudia hili la pili. Basi twaweza kusema "falsafa ya mtu binafsi iongozwayo na urazini".

La tatu ni lile lililotafsiriwa "ukarimu". Rand hakupinga ukarimu. Alipinga fundisho, lililopewa jina na Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19, kwamba wajibu wa mtu ni kuishi kwa ajili ya wengine. Kumsaidia mwenzio kwa hiari, bila kujiangamiza, hakukukataa, ila alikana kwamba ni wajibu. "Kujitolea" pia hakufai, maana kila asasi ina watu wanaojitolea. Twapendekeza "fundisho la kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine".

Limebaki lile "shirika lisilo na faida". Kwa Kiswahili cha kila siku, kitu kisicho na faida ni kitu bure! Taasisi ya Ayn Rand, iliyoanzishwa mwaka 1985, na ile iitwayo leo Atlas Society, iliyoanzishwa na David Kelley mwaka 1990 baada ya kutengana na wenzake, ni asasi za namna hii. Hupokea michango, huandaa mafunzo na machapisho. Ile ya kwanza hugawa vitabu kwa walimu na huendesha mashindano ya insha kwa wanafunzi. Kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya Marekani hakizikatazi asasi hizo kubakiwa na ziada; huzikataza kuigawa kwa watu binafsi. "Lisilotafuta faida" ni afadhali, lakini "lisilogawana faida" ndilo sahihi zaidi kisheria.

Hapo swali la mwalimu wetu hupata jibu. Mfuasi wa Rand anapochanga haoni kwamba anajitoa mhanga. Anaona kwamba anagharimia jambo alithaminilo. Msomaji anaweza kulikubali jibu hilo au kulikataa, lakini katika tafsiri ya kwanza hakupewa nafasi ya kulisikia.

Wahenga wetu walisema mtu ni watu. Huenda wengi wetu tukaendelea kuamini hivyo, nasi hatuwaombi wasomaji wabadili imani. Lakini hoja isiyofasiriwa kwa haki haiwezi kujibiwa kwa haki. Tunawakaribisha wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya kabla hayajasanifiwa.