Farasi Akiruka g5, Tulia Kwanza

Geimu mob za chesi mtaani hufia f7. Mwanzo wa geimu, hiyo boksi inalindwa na kingi pekee yake. Ndo maana nashow wasee wanaojifunza waanze na Itali: e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4. Mtaliano Gioachino Greco alikuwa anaandika hizi form karne ya 17, na hadi leo bado zinachapa watu.

Angalia hii ya mabeste wawili pale base. Chali ni wa nduthi, anangoja kastoma. Dem yuko campo, ako na nyeupe. Chali anatoa farasi f6, dem anarusha yake g5. Sasa f7 inawindwa na askofu na farasi. Chali anawahi d5, anazibia askofu njia. Safi kabisa. Dem anakula hiyo soja. Na hapa ndo wengi hudedi: chali anairudishia na farasi, mkono mbio, ju inakaa ya bure.

"Buda, uko shua?"

"Cheza, siste."

Dem anazamisha farasi f7, anatishia malkia na ngome kwa mpigo mmoja. Kingi analazimika kumkula. Malkia f3, cheki! Kingi akirudi nyuma, farasi ya d5 imeenda. So anapanda e6, katikati ya mtaa, uchi, na geimu ndo imeanza tu. Farasi yake haiwezi toka d5, ju askofu anamlenga kingi hapo nyuma. Dem analeta farasi ya pili c3, presha inazidi. Hii ndo fegatello, na kuitetea ukiwa na saa inakimbia ni noma.

Wasee hukariri huu mtego, wakaacha dawa yake, na dawa ndo tamu zaidi. Usikule d5. Peleka farasi a5, mshike askofu. Atakucheki b5, ziba na c6, akikula, kula na soja ya b. Uko soja moja chini, lakini umenunua muda, na kwa Itali muda ni kila kitu.

Raundi ya pili chali akacheza hivo. Askofu akarudi e2. Chali akasukuma h6, farasi akahepa f3. Akasukuma e4, farasi akahama tena. Dem alikuwa na soja ya ziada, lakini kwa hizo form zote hakuwa ametoa kete ingine mpya, na chali ndo alikuwa anaamua nani ahame.