Kupachika, Kuunganisha na Kushirikisha: Istilahi za Kadi Mbili za Michoro katika Kompyuta Moja

Miongoni mwa hati zilizoletwa mezani petu ili zikaguliwe lugha ilikuwamo tafsiri ya masharti ya zabuni ya kompyuta. Sharti mojawapo lilisomeka hivi: "Kila kompyuta iwe na jozi ya kadi za michoro za watengenezaji tofauti, zilizounganishwa, zenye kumbukumbu ya jumla ya gigabaiti 16." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Kimaana, hata hivyo, iliagiza kitu ambacho mnunuzi asingeweza kukipata. Hati asilia ilitaka kadi mbili za gigabaiti 8 kila moja, na kila kadi ipewe kazi yake. Lau tafsiri ile ingalipita, fedha za umma zingalitumika kwa matumaini yasiyo na msingi, na lawama ingalimwangukia fundi, hali kosa lilikuwa la maneno.

Kadi ya michoro ni kifaa kinachopachikwa katika ubao mama wa kompyuta, chenye chipu yake na kumbukumbu yake, ambacho kazi yake ya asili ni kukokotoa picha zinazoonekana katika skrini. Siku hizi kadi hizo hutumiwa pia kwa hesabu nyingine nzito. Hebu sasa tuyachambue maneno matatu yaliyoleta utata.

La kwanza ni "jozi". Katika Kiswahili jozi ni vitu viwili vilivyokusudiwa kwenda pamoja, kama viatu. Kiatu cha kulia na cha kushoto vya aina mbalimbali havifanyi jozi. Kwa hiyo kadi mbili zisizolingana zisiitwe jozi. Yatosha kusema "kadi mbili".

La pili ni "mtengenezaji". Neno hili hubeba watu watatu. Yupo anayesanifu chipu, kama vile NVIDIA au AMD. Yupo anayeifua chipu hiyo kiwandani, kama vile TSMC ya Taiwan. Yupo pia anayeiweka chipu katika kadi na kuiuza kwa jina lake, kama vile ASUS, MSI au Gigabyte. Kadi ya ASUS na kadi ya MSI zaweza kuwa na chipu ile ile ya NVIDIA. Tofauti yao ni ya jina na umbo. Lakini kadi yenye chipu ya NVIDIA na kadi yenye chipu ya AMD hutofautiana katika kiini, na kila moja huhitaji programu endeshi yake, yaani ile inayoiwezesha kompyuta kuiamuru kadi. Tunapendekeza "msanifu wa chipu" na "muundaji wa kadi", na neno "mtengenezaji" liachwe pale ambapo tofauti hiyo ina uzito.

La tatu, nalo ndilo zito zaidi, ni "kuunganisha". Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx iliwezesha kadi mbili za Voodoo2 kuchora picha moja kwa kugawana mistari yake. Mwaka 2004 NVIDIA ilileta utaratibu wake wa SLI, na mwaka 2005 ATI, ambayo ilinunuliwa na AMD mwaka 2006, ikaleta CrossFire. Mara nyingi kadi moja ilichora picha za witiri na nyingine za shufwa. Kwa kuwa kila kadi ilihitaji kuwa na data zote, kumbukumbu zilinakiliwa, hazikujumlishwa: gigabaiti 8 na 8 zilibaki 8. SLI ilitaka chipu za aina moja. CrossFire ilikubali aina tofauti za ukoo mmoja. Hakuna kati ya hizo mbili iliyozikubali chipu za wasanifu wawili.

Je, haikuwezekana kabisa? Ilijaribiwa. Mwaka 2010 MSI iliuza ubao mama wenye chipu ya Hydra ya kampuni ya Lucid, iliyokusudiwa kugawa kazi baina ya kadi zisizo za ukoo mmoja. Matokeo yake hayakuwa thabiti na haikudumu. Mwaka 2015 DirectX 12, iliyokuja na Windows 10, iliwapa waandishi wa programu uwezo wa kuigawia kazi kila kadi wenyewe, na mwaka 2016 mchezo wa Ashes of the Singularity ukazitumia pamoja kadi za AMD na NVIDIA. Lakini mzigo wa kugawa kazi ulihamia kwa mwandishi wa programu, na wachache waliukubali.

Hata kukaa pamoja tu hakukuwa jambo la hakika. Windows Vista ya mwaka 2007 ilitaka kadi zote za kuonyeshea zitumie programu endeshi moja. Windows 7 ya mwaka 2009 ndiyo iliyoruhusu tena programu endeshi mbili. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa siku hizi wanakaa. Kinachowashinda kwa kawaida ni kuvuta nira moja.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu:

(a) Kupachika pamoja: kadi mbili kuwamo katika kompyuta moja, kila moja na programu endeshi yake na skrini zake.

(b) Kushirikisha: kadi mbili kupewa sehemu mbalimbali za kazi na programu inayozijua zote mbili, kama inavyowezekana kwa kanuni za OpenCL, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2008.

(c) Kuunganisha: kadi mbili kufanya kazi ya kuchora kana kwamba ni moja, kama katika SLI na CrossFire.

Kwa istilahi hizi, sharti tulilolitaja lingesomeka: "Kila kompyuta ipachikwe kadi mbili za michoro zenye chipu za wasanifu tofauti, kila moja na kumbukumbu ya gigabaiti 8, na kila moja itengewe kazi yake." Sentensi imerefuka kidogo, lakini mnunuzi, muuzaji na mkaguzi wataielewa kwa namna moja.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni, hasa pale yatakapoonekana kupwaya.