Dume Mnyonge wa Tanganyika

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza jaribio ambalo bado linanisumbua. Saa moja kabla taa za tangi la samaki hazijawashwa, kwa msaada wa vifaa vya kuonea gizani, walimtoa dume mbabe. Taa zilipowaka, dume mnyonge, aliyezoea kukimbizwa kutwa, akaona kiti ki wazi. Dakika chache tu, rangi yake iliyopauka ikakolea, mstari mweusi ukachomoza usoni kupita kwenye jicho, akaanza kufukuza wenzake na kuwarairai majike.

Samaki mwenyewe ni wa kwetu: Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika, ukoo mmoja na sato na kuhe, ila mdogo wa kutoshea kiganjani. Russell Fernald, aliyeongoza maabara iliyofanya jaribio hilo, alimfuata miaka ya 1970 hadi mwambao wa Burundi, na kazi yake yote inarudia dai moja: ubongo huongoza mwenendo, sawa, lakini cheo nacho huufinyanga ubongo. Ushahidi wake ni seli chache za ubongo zinazotengeneza GnRH, homoni inayoiamuru tezi ya pituitari iamshe uzazi. Dume akishika himaya, seli hizo huvimba hadi takriban mara nane kwa ujazo, na korodani hukua. Akipinduliwa, vyote hunywea. Wanasiasa wastaafu watalielewa hili upesi.

Mwaka 1995 maabara hiyohiyo iliripoti kwamba samaki huyu ana jeni tatu za GnRH. Chanzo cha wingi huo ni jenomu nzima ya mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo kujirudufu, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Pweza naye ana homoni ya ukoo huo, kwa hiyo shina lake limeutangulia uti wa mgongo wenyewe.

Kati ya GnRH hizo tatu, ambayo seli zake huvimba kwa cheo ni moja tu. Nyingine, GnRH-II, imejikalia ubongo wa kati, na asidi-amino zake 10 ni zilezile kwa papa, kuku na binadamu. Kitu kisichoguswa muda wote huo lazima kina kazi nzito, lakini kazi hiyo bado inabishaniwa: wengine wanataja hamu ya kujamiiana, wengine ulaji. Kwa binadamu, jeni ya kipokezi chake ina hitilafu. Panya ameipoteza homoni yenyewe kabisa, na anazaa kama kawaida. Sasa kuku anaing'ang'ania ya nini?