Kaza Mkanda Kabla ya Kuseti Ngoma

Maze, kila mwaka Juni ikikaribia, barabara za kutoka Kanairo huanza kunoga. Unacheki Land Rover za kitambo, Suzuki zimeinuliwa juu ka ghorofa, Land Cruiser bodi imekatwa, zote zimekalia trela zikienda mashindano ya ofrodi ya Rhino Charge. Hiyo form ilianza 1989, na doh yake ndio ilisaidia shirika la Rhino Ark kuzungushia msitu wa Aberdare fensi ya stima, karibu kilomita 400. Wasee wengi huangalia tairi, winchi na rangi. Mimi huangalia mikanda imefunga ndai kwa trela. Hapo ndio unajua nani anapenda ndai yake kwa ukweli.

Ndai ya mashindano haifai kumalizia nguvu kwa lami. Na ikishagonga mawe siku nzima, inaweza kuwa imevunjika ekseli, so hata kurudi home ni kubebwa. Trela ni lazima, na iko na sheria zake.

Ya kwanza ni pahali ndai inakaa. Uzito mwingi uwe mbele kidogo ya ekseli ya trela. Ule unaolalia boli ya gari inayovuta uwe asilimia 10 hadi 15 ya trela na mzigo wote. Zote zikiwa kilo 2,500, hiyo ni kilo 250 mpaka 375. Ukiweka ndai nyuma sana, trela inaanza kuyumba ukishuka mteremko. Ikianza, usikanyage breki kwa nguvu. Toa mguu kwa mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, wacha spidi ishuke pole pole.

Ya pili, kufunga. Kamba ya manila hapana. Tafuta mikanda nne ya racheti, mbili zivute mbele, mbili zivute nyuma. Shika ekseli, usishike bodi, na uchunge paipu ya breki isibanwe. Ndai ya ofrodi iko na springi ndefu. Ukifunga bodi, mkigonga shimo inadunda chini, mkanda unalegea, ndoano inachomoka. Ukifunga ekseli, bodi inadunda vile inataka na ndai haitoki pahali iko.

Mkanda nao uheshimu. Usipite kwa chuma kali bila kitu ya kuukinga, na usiupige fundo, fundo hula nguvu yake. Soma lebo poa: namba ya kukatikia si namba ya kubebea. Ya kubebea huwanga karibu theluthi tu, na hiyo ndio unahesabia. Ukiona nyuzi zimeanza kutoka ama jua limeupausha, tupa, nunua mwingine. Hakuna haja ya kumwaga doh kwa winchi halafu ukose ya mkanda.

Weka gia, vuta handibreki, piga kabari kwa tairi. Ile minyororo ya usalama ipitishe chini ya boli ikiwa imepishana, ndio trela ikichomoka idakwe kabla igonge lami. Jeki, spea na madebe ya mafuta pia yafungwe, juu kitu imelala tu hapo juu itaruka siku ya breki ya ghafla. Mkienda kama kilomita 30, simameni mkaze tena. Mikanda hulegea ikishakaa kwa mzigo.

Nasema hivi juu barabara si ya mbogi yenu pekee. Ukishuka Mai Mahiu kuna maboda, mathree, masiz wanauza viazi kando ya lami, watoi wanatoka shule. Hao hawakuingia mashindano yako, na tani mbili ya chuma ikichomoka haiulizi nani ni nani.

So kabla ya kuseti ngoma na kuanza kupiga mapicha, zunguka trela yote, shika kila mkanda na mkono. Mkanda ukisonga, kaza. Na msee akisema mnachelewa, mwambie atulie.