Harufu ya Shaka: Kulifundisha Neno "Fishy" kwa Mfano wa Nchelenge

Katika toleo hili tumeona vyema kuzungumzia neno moja dogo la Kiingereza linalowasumbua wanafunzi wetu kila mwaka, hasa katika somo la tafsiri. Neno lenyewe ni "fishy". Mwanafunzi akiliona kwa mara ya kwanza hudhani amelielewa papo hapo: "fish" ni samaki, basi "fishy" ni yenye samaki wengi. Kwa bahati mbaya, sivyo, na kosa hili linaweza kumletea mtu madhara ya kweli.

Tuanze kwa mfano. Tuseme mwanafunzi wetu amekwenda Nchelenge, wilaya iliyo katika Jimbo la Luapula huko Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5,100. Mto Luapula unaingia upande wa kusini, na mto Luvua unatoka upande wa kaskazini, penye mji wa Pweto. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, eneo la Katanga ambako Kiswahili kinazungumzwa, ilhali upande wa Nchelenge lugha kubwa ni Kibemba. Shughuli kuu hapo ni uvuvi. Kuna samaki wa jamii ya perege aitwaye pale, na kuna visamaki vidogo viitwavyo chisense, ambavyo huanikwa juani kama dagaa wetu, kisha hupelekwa kuuzwa mbali.

Mwanafunzi wetu anatembelea soko la Kashikishi, jirani na Nchelenge. Anafurahishwa na wingi wa samaki na bidii ya akina mama wauzaji. Anaporudi anaandika ripoti yake kwa Kiingereza, na ndani yake anaweka sentensi hii: "The market women are busy and their business is fishy." Alichotaka kusema ni kwamba biashara yao ni ya samaki. Alichosema ni kwamba biashara yao ina walakini, yaani hapo kuna namna. Msomaji wa ripoti akiwa ofisa anayetoa leseni au mkopo, akina mama wale watakuwa wameharibiwa jina na mtu aliyekusudia kuwasifu!

Je, neno hili lina maana ngapi?

Maana ya kwanza ni ile ya asili: yenye harufu au ladha ya samaki. Hapa Kiswahili kina neno zuri ambalo vijana wengi wameanza kulisahau, nalo ni shombo. Mikono ya mtu aliyeparua samaki inanuka shombo. Maana ya pili ni ya mazungumzo: jambo linalotia shaka, lisiloeleweka vizuri, linaloonekana kuwa na hila ndani yake. Maana hii ya pili imeandikwa katika Kiingereza tangu miaka ya 1840 hivi. Kuhusu chanzo chake hutolewa maelezo mawili. Wengine husema ni kwa sababu samaki huteleza mkononi, kama mtu mjanja anavyoteleza katika maneno yake. Wengine husema ni kwa sababu ya harufu ya samaki aliyeanza kuharibika.

Uhusiano wa harufu na shaka si wa Waingereza peke yao. Sisi wenyewe husema jambo fulani "linanuka rushwa", na gazeti likiandika kuwa zabuni ina "harufu ya ufisadi" hakuna anayeuliza maana. Mwaka 2012 watafiti Spike Lee na Norbert Schwarz walichapisha majaribio waliyofanya katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Wanafunzi walionusishwa mafuta ya samaki bila kuambiwa, kisha wakacheza mchezo wa kuwekeza fedha kwa kumwamini mwenzao, walitoa fedha kidogo kuliko wale walionusa harufu nyingine au wasionusa chochote. Lakini tusisahau kwamba hao walikuwa wasemaji wa Kiingereza, wenye neno "fishy" vichwani mwao.

Hapa ndipo Nchelenge inapotufundisha jambo. Ile harufu kali ya samaki inatokana hasa na kemikali iitwayo trimethilamini, inayotengenezwa na bakteria samaki anapokaa baada ya kufa. Malighafi yake imo kwa wingi katika samaki wa baharini. Samaki wa maji baridi kwa kawaida wana kidogo. Zaidi ya hayo, kwa mtu wa ufukoni harufu ya chisense wakikauka mchangani ni harufu ya karo ya shule na unga wa nyumbani. Haimwambii kwamba ametapeliwa. Kwa hiyo mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba samaki ananuka na kwa hivyo ni jambo la kushukiwa, kana kwamba hilo ni wazi kwa kila mtu. Amweleze kwamba ndivyo Waingereza walivyoona, na lugha ikahifadhi jicho lao, au tuseme pua yao.

Matumizi na makosa ya kawaida

Kwanza, "fishy" hueleza kinachotiliwa shaka. Halimwelezi mwenye shaka. Mwanafunzi anayetaka kusema "nina shaka" asiseme "I am fishy", kwani atakuwa amejishtaki mwenyewe. Neno "suspicious" linabeba pande zote mbili, lakini "fishy" lina upande mmoja tu.

Pili, aghalabu hutumika kwa mambo, habari, hadithi au mipango: "a fishy story", "There is something fishy about this receipt." Angalieni neno "about" linalofuata; wanafunzi wengi huweka "in" kwa kufuata Kiswahili.

Tatu, ni neno la maongezi. Halifai katika barua ya kiofisi wala ushahidi wa mahakamani.

Nne, anayetaka kusema mahali pana samaki wengi aseme tu "full of fish".

Tafsiri yake kwa Kiswahili

Tunapotafsiri, tusihangaike kutafuta kivumishi kimoja. Kiswahili hupenda kitenzi hapa, nacho hufuata ngeli: habari inatia shaka, jambo linatia shaka, mambo yanatia shaka. Katika maongezi tunayo mengi: "hapa kuna namna", "hii ina walakini", "haya si bure". Mfasiri achague kulingana na msemaji. Mzee wa baraza hatasema kama kijana wa kituo cha basi, hata kama wote wanashuku jambo lile lile.

Lakini jambo tunalotaka wasomaji wetu walizingatie zaidi ni kiasi cha tuhuma kilichomo. Kiswahili kinapanga ngazi: mtu hushuku moyoni, hutuhumu kwa kinywa, kisha hushtaki mbele ya sheria. "Fishy" liko katika ngazi ya kwanza. Linasema "sielewi, nataka maelezo". Halisemi "huyu ni mwizi". Anayelitafsiri kwa "ya wizi" au "ya kitapeli" amepandisha ngazi mbili kwa hatua moja.

Turudi ufukoni. Katika Zambia uvuvi kwenye maziwa na mito mingi, Mweru ikiwemo, hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Sasa tuseme ni Januari na mtu anauza perege wabichi sokoni. Mpita njia akisema "That looks fishy", amesema kweli kwa maana zote mbili! Hata hivyo, muuzaji anaweza kuwa na jibu halali: samaki wa kufugwa bwawani hawahusiki na katazo hilo. Shaka ilikuwa ya haki, tuhuma ingekuwa dhuluma. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Lakini mara nyingine moto wenyewe ni wa jikoni.

Tahadhari hii ina uzito zaidi mahali pa mpakani, ambapo mwenye lafudhi ngeni hutazamwa kwa jicho la pembeni kabla hajafungua mzigo. Mchuuzi wa kutoka ng'ambo ya ziwa, anayezungumza Kiswahili cha Katanga, anaweza kutegemea mkalimani mmoja tu kati yake na ofisa. Mkalimani akikosea ngazi, mzigo unazuiwa na samaki hawangoji.

Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za SADC, na Zambia ni mwanachama. Kazi za tafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza katika ukanda huu ni za wanafunzi wetu.

Zoezi kwa darasa: Tafsirini sentensi hizi tatu, kisha mweleze kwa nini hamkutumia neno moja kwa zote. (1) "The soup tastes fishy." (2) "His story sounds fishy to me." (3) "Nothing fishy here. The papers are in order."