Mama amepata nafuu baada ya kiharusi, arudi shambani?

Kijana mmoja wa Munanila, kule kwenye milima ya Kigoma inayopakana na Burundi, ameniuliza: "Dokta, mama alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia. Sasa anatembea kwa fimbo na anataka kurudi shambani. Sisi watoto tumemkataza. Tumekosea?"

Hofu yenu naielewa. Lakini kumkalisha mama kutwa nzima, mkimletea kila kitu na hata kumvalisha, si kumlinda. Misuli isiyotumika hunyauka, viungo hukakamaa, na mwili uliokaa tu huruhusu shinikizo la damu na sukari kupanda. Hayo mawili ndiyo huandaa kiharusi cha pili.

Ubongo nao hujifunza kwa kurudia. Sehemu iliyokufa haifufuki, ila sehemu nyingine zinaweza kufundishwa baadhi ya kazi zake. Maendeleo ya haraka huonekana miezi ya mwanzo, lakini hata baada ya mwaka faida ipo.

Mpeni maharage ayachambue kwa mkono wa kulia, hata yakichukua asubuhi nzima. Apukuchue mahindi. Aketi na kusimama kwenye kiti imara mara kumi, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu. Kutembea aanzie mahali tambarare, kama uwanja wa shule, dakika tano tano mara kadhaa kwa siku, akiongeza taratibu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki. Asiyeweza, kidogo ni bora kuliko kukaa. Kasi inayofaa ni ile anayoweza kuongea nawe lakini hawezi kuimba. (Wanakwaya hujaribu kunibishia hapa.)

Miteremko ya Munanila ni jambo jingine. Mguu dhaifu huburuta vidole, na kwenye utelezi wa masika kuanguka ni rahisi. Nyonga ikivunjika, mnaanza upya. Avae viatu vinavyoshika kisigino, si ndala. Na tafadhali msimwinue kwa kuvuta mkono uliopooza, bega huteguka.

Wengine huniambia mkulima hahitaji vidonge kwa kuwa anatembea sana. Utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, baada ya kusawazisha umri, ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi takriban 108 kwa mwaka katika kila watu 100,000 Hai, na 315 Dar es Salaam. Wa shamba ni wachache kuliko wa mjini, lakini wapo. Kwa hiyo dawa za shinikizo haziachwi kwa sababu ya mazoezi, na apimwe kabla ya kuanza.

Wazazi wenye mtoto wa selimundu aliyepata kiharusi, naye acheza. Anywe maji mara kwa mara, apumzike akichoka, asipigwe na baridi.

Na shamba? Aanze na bustani iliyo karibu na nyumba, asubuhi kabla ya jua kali, apalilie akiwa ameketi, asiende peke yake wala kubeba mzigo kichwani. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakipotea, au kichwa kikiuma kwa namna ambayo hajawahi kuisikia, mwahisheni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama dalili zimepotea njiani.